Nyasi za Moshi zikianza kuungua Februari, weka bomba la dawa chini kwanza

Naanza na kosa langu. Februari 2019 nilikuwa nakata majani nyumba saba kwa wiki: tatu Shanty Town, mbili Soweto, moja Rau na moja kule juu karibu na KCMC. Jumatatu yangu ilianzia kwa mama mmoja muuguzi mstaafu. Ana ukoka wa Pemba mnene, ukitembea pekupeku unadhani umekanyaga godoro. Siku hiyo nikaona mabaka mawili, kila moja ukubwa wa sinia la pilau, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Nikasema ni mbwa. Nikapitisha mashine juu yake, nikaipakia kwenye toroli, nikaenda nyumba ya pili.

Baada ya wiki tatu nyumba nne kati ya saba zilikuwa na mabaka yale yale. Zote nne zilikuwa za Jumatatu na Jumanne, na zilikuwa zimeugua kwa mfuatano ule ule ninaopita. Za Alhamisi na Ijumaa, nilizokuwa nakata baada ya kuosha mashine Jumatano, zilikuwa kijani tupu. Nilikaa chini kwenye kibaraza cha yule mama nikaona aibu. Ugonjwa niliutembeza mimi, kwenye kisu cha mashine, nyumba kwa nyumba, kama tarishi.

Mimi si mtaalamu wa maabara. Ujana wangu nilipuliza dawa kwenye mibuni, kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, cha baba yangu mdogo huko Kibosho na baadaye kwenye shamba kubwa la kahawa. Kutu ya majani na chulebuni, magonjwa mawili ya mibuni, ndivyo vilivyonifundisha ukungu, yaani fangasi, unavyofikiri. Ninayoeleza hapa nimeyafanya kwenye nyasi za watu, nikakosea, nikarudia.

Kwanza jua kama ni ukungu kweli

Moshi tuna ugonjwa wa nyasi ambao hauko kwenye kitabu chochote: Krismasi. Wenzetu wanarudi kutoka Dar, kila gari linaegeshwa kwenye ukoka, turubai linasimama siku nne, jiko la nyama linawekwa pale pale. Januari mwenye nyumba ananipigia simu, "Meku (mzee), nyasi zina fangasi." Nakuta mabaka mawili yaliyonyooka, yamepishana kwa upana wa matairi ya Noah. Hiyo si fangasi, ni shemeji yako.

Mkojo wa mbwa jike unaacha duara dogo lililokufa katikati, na pembeni pete ya kijani kilichokolea sana, maana mkojo una naitrojeni. Nyasi zenye kiu zinakuwa na rangi ya bluu-kijivu, na ukizikanyaga unyayo unabaki, haziinuki. Chukua bisibisi ndefu uisukume ardhini: ikizama kirahisi sentimita kumi au zaidi, maji yapo, tatizo liko kwingine. Ikigoma, mwagilia kabla ya kuanza kutafuta majina ya magonjwa.

Wadudu nao wanadanganya. Viwavi wanakula jani lenyewe, unakuta ncha zimetafunwa na vinyesi vidogo vya kijani chini. Changanya vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya maji kwenye lita tano za maji, mwaga kwenye mita moja ya mraba, kaa usubiri dakika kumi. Wakiwepo watapanda juu wenyewe. Na kama nyasi zinainuka kama zulia ukizivuta, mizizi haipo, chimba kidogo utafute funza weupe waliojikunja. Dawa ya ukungu haimuui hata mmoja kati ya hao.

Sasa ukungu. Uende saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande ukiwa bado haujaondoka, upige magoti. Ukienda saa sita mchana umechelewa, jua limeshafuta ushahidi. Usitazame katikati ya baka, pale ni makaburini. Tazama ukingoni, mahali kijani kinapokutana na kahawia, ndipo ugonjwa unapofanya kazi. Tafuta utando mweupe kama wa buibui. Ila utando wa buibui halisi umekaa juu ya nyasi na una umbo lake, huu wa ukungu umejisokota katikati ya majani na unatoweka jua likipanda.

Ukiwa na shaka, chomoa nyasi chache za ukingoni, zitie kwenye chupa ya karanga yenye mfuniko pamoja na karatasi ya chooni iliyoloweshwa kidogo, uiache ndani usiku mmoja. (Zamani tulitumia mfuko wa nailoni, lakini mifuko ile ya kubebea imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019.) Ukikuta asubuhi manyoya manyoya ya kijivu au meupe, umepata jibu.

Sura zake, maana si mmoja

Mabaka ya kahawia. Haya yanaletwa na Rhizoctonia. Ni duara au nusu duara, kuanzia upana wa sahani hadi mita na zaidi. Kwenye ukoka wa Pemba shika jani moja la ukingoni ulivute taratibu: linachomoka bila ubishi, na sehemu yake ya chini iliyokuwa imeshikana na shina imeoza, ina rangi ya kahawia na harufu ya udongo mbichi. Jani la mmea mzima halikubali kuchomoka hivyo.

Madoa ya kijivu. Huu ndio adui mkubwa wa ukoka wenye majani mapana, na ndio ninaouona zaidi Moshi mvua za kwanza za Machi zinapokutana na joto. Jani linapata vidoa virefu kama punje za mchele, katikati kijivu, pembeni rangi ya zambarau iliyokaribia kahawia. Ukitazama kwa mbali bustani inaonekana imeunguzwa, kama imepitiwa na moto mdogo, na watu wengi wanadhani ni ukame, wanaongeza maji. Wanaongeza petroli. Ukungu unaouleta ni wa ukoo mmoja na ule unaoleta ugonjwa wa blasti kwenye mpunga, mtu wa Lower Moshi anayelima mpunga akiuona atautambua.

Madoa ya sarafu. Viduara vidogo vilivyofifia kama majani makavu ya mpunga, kila kimoja kama sarafu hadi kama kiganja, vikizidi vinaungana. Kwenye jani moja moja doa linakata upana wote, jeupe katikati, kahawia juu na chini. Huu hupenda nyasi zenye njaa ya mbolea.

Kutu. Tembea na viatu vyeupe. Vikirudi na vumbi la rangi ya machungwa, ni kutu, hakuna haja ya kuita mtu. Binti yangu anakaa Njiro, Arusha, na kule ndiko ninakoiona zaidi, kwenye baridi ya Juni na Julai nyasi zinapodumaa. Arusha iko juu kama mita 1,400 na Moshi mjini haifiki hata 1,000, kwa hiyo usichukue kalenda yangu ukaitumia kule neno kwa neno.

Nyasi zenye mafuta. Hili nimeliona mara mbili tu, zote mahali maji yanatuama. Asubuhi nyasi zinateleza, zimekuwa nyeusi-nyeusi kama zimemwagiwa mafuta ya kula, na baka linafuata mkondo wa maji, halina duara. Ni Pythium, na inakimbia: jana kama kiganja, kesho kutwa kama meza. Hii ndiyo pekee ninayokwambia usingoje.

Pete za uyoga sizihesabu sana. Unaona mduara wa kijani kilichokolea, na mvua ikinyesha uyoga unaota juu yake. Chini yake mara nyingi kuna kisiki kilichofukiwa, na Moshi kila kiwanja kina kisiki cha mgrevilea au cha mbuni wa zamani. Chimbua kisiki kama unaweza, toboa toboa, mwagilia sana ile pete. Ukishindwa, ng'oa uyoga watoto wasiule, uishi nao.

Saa ya kumwagilia

Kama una dakika mbili tu za kusoma, soma hapa. Ukungu hautaki maji mengi, unataka jani bichi kwa muda mrefu. Mabaka ya kahawia yanahitaji jani lililolowa kama saa 10 hadi 12 mfululizo, pamoja na usiku wenye joto la karibu nyuzi 20. Sasa fikiria mtu wa Moshi. Anatoka kazini, anavua viatu, saa kumi na mbili jioni anashika mpira wa maji, ananyunyiza huku anaongea na simu. Jua linazama muda mfupi baadaye. Jani halikauki tena hadi saa mbili au saa tatu asubuhi. Hesabu: saa 14. Ukungu umepewa chakula, umepewa kitanda, umepewa na muda wa ziada.

Mwagilia alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa mbili. Umande upo tayari wakati huo, kwa hiyo hauongezi saa za ubichi, na jua linakuja nyuma yako kukausha. Jambo hili moja, bila senti ya dawa, ndilo lililoponya mbili kati ya zile nyumba nne.

Najua utakachosema, maana yule muuguzi alinijibu hivyo hivyo: "Mzee, maji mtaani kwetu yanatoka usiku." Basi yakitoka usiku yakinge kwenye tangi, umwagilie alfajiri. Kama huna tangi, bora umwagilie saa nne usiku nyasi zikiwa zimeshashika umande kuliko saa kumi na mbili jioni zikiwa kavu. Si kuzuri, ila unapunguza masaa.

Kiasi nacho kina kipimo. Nyasi zinahitaji kama milimita 25 kwa wiki wakati wa joto, ukijumlisha na mvua. Ni lita 25 kwa kila mita ya mraba, bustani ya mita mraba 100 inakunywa lita 2,500 kwa wiki. Weka makopo manne ya nyanya sehemu mbalimbali, fungua kinyunyizio, subiri, pima kwa rula ya mtoto wa shule. Kwa yule mama ilichukua saa moja na robo kufika milimita 25, na kopo la pembeni ya ukuta lilikuwa na milimita 40. Pale pembeni ya ukuta ndipo ugonjwa ulipoanzia. Kopo lilijua kabla yangu.

Gawa mara mbili kwa wiki, uloweshe hadi chini, katikati uache udongo wa juu ukauke. Kunyunyiza kidogo kila siku kunalowesha jani na kuacha mzizi na kiu, yaani umefanya kinyume cha ulichotaka. Masika ikianza Machi, funga bomba. Nimeona mashine za kujiwasha zikimwagilia katikati ya mvua ya Aprili, na mwenye nyumba yuko Dodoma.

Asubuhi usiyomwagilia, kung'uta umande. Vuta mpira wa maji, wawili mmeshika huku na huku, uburute juu ya nyasi zote mara moja, au pitisha ufagio mrefu wa chelewa. Dakika tano, na umepunguza saa moja au mbili za ubichi. Majirani watakucheka. Wacheke.

Yurea na tamaa ya kijani

Nyumba ya Rau ilinifundisha hili. Baba mwenye nyumba alikuwa na kipaimara cha mtoto wake, akataka nyasi ziwe kijani ndani ya wiki mbili. Akamwaga yurea, akamwaga tena. Yurea ina asilimia 46 ya naitrojeni. Siku ya tisa bustani ilikuwa kijani cha kutisha, laini kama mchicha. Siku ya kumi na tatu ilikuwa imeliwa na madoa ya kijivu kutoka getini hadi jikoni. Wageni wakala kipaimara juu ya majani yaliyoungua.

Jani lililolishwa haraka linakuwa na ngozi nyembamba na maji mengi ndani. Ukungu wa mabaka ya kahawia, wa madoa ya kijivu na ule wa mafuta, wote watatu wanalipenda. Kwa hiyo kuanzia joto la Januari hadi mvua kubwa zipungue, usimpe ukoka wa Pemba yurea. Lisha baada ya masika, na tena vuli ikianza Oktoba, kidogo kidogo. Kilo moja ya mbolea ya CAN kwa mita mraba 100 inatosha kwa mara moja, kisha umwagilie ili chembe zisibaki juu ya jani zikaliunguza. Samadi ni nzuri ikiwa imeiva kabisa. Samadi mbichi ya zizini inaunguza, na inakuletea magugu ya kata nzima.

Kinyume chake ni madoa ya sarafu na kutu. Hao wawili hukaa kwenye nyasi zenye njaa. Ukiwaona, ile kilo moja ya CAN kwa mita mraba 100 mara nyingi ndiyo dawa yenyewe, nyasi zinaota haraka kuliko ugonjwa na mashine inaondoa majani yenye vumbi. Ndiyo maana nilikwambia upige magoti kwanza. Ukikosea jina, unalisha adui.

Kisu, urefu, na ndoo ya jiki

Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Ukoka wa Pemba uache sentimita sita hadi nane, nyasi za kikuyu tatu hadi tano, zile nyasi nyembamba za bermuda unaweza kushuka hadi mbili au tatu. Watu wanapenda kunyoa ukoka kipara ili wasiniite mapema. Nawaelewa, mimi ni gharama. Lakini ukoka wa Pemba ukinyolewa hadi vikonyo vyake, yale mashina yanayotambaa, vionekane unakaa wiki tatu unajiuguza, na ukungu hausubiri upone.

Kisu kinolewe. Tazama ncha za majani siku moja baada ya kukata: zikiwa zimechanika na kuwa nyeupe kama uzi wa katani, kisu ni butu, na kila uzi ule ni mlango uliobaki wazi. Mimi nanoa kila baada ya nyumba kumi. Fyekeo lina sheria hiyo hiyo, na vijana wanaozunguka na fyekeo moja mtaa mzima wawaambie waoshe kabla ya kuingia kwako.

Usikate nyasi zikiwa bichi. Hapa nimepoteza wateja, kwa sababu nawaambia naja saa nne, wao wanataka saa moja kabla hawajaenda kazini. Nyasi zilizolowa zinashikana na kisu, zinaganda chini ya mashine, na kila kipande kinabeba ugonjwa mpaka nyumba inayofuata.

Tangu ile 2019, kwenye toroli nina ndoo ndogo: sehemu moja ya jiki, sehemu tisa za maji. Kabla ya kutoka getini nazima mashine na kuchomoa waya wa plagi, nakwangua majani yaliyoganda chini yake kwa kijiti, napitisha kitambaa chenye ile jiki kwenye kisu na magurudumu, na viatu vyangu, kisha nafuta kwa maji matupu maana jiki inakula chuma. Na ndani ya bustani moja, sehemu yenye ugonjwa inakatwa mwisho. Majani yake yanakusanywa, hayaachwi juu ya nyasi. Kwenye bustani nzima isiyoumwa yaache tu, yanaoza na kurudisha mbolea.

Hewa na kivuli

Siku hizi kila mtu anajenga ukuta wa matofali hadi futi nane na geti la bati lililofungwa chini. Mwizi haingii, na upepo hauingii. Zamani ua ulikuwa wa masale au michongoma, hewa ilipita. Siwezi kukwambia uvunje ukuta, lakini punguza matawi ya chini ya mwembe na ya mjakaranda ili jua la asubuhi lifike chini angalau saa nne kwa siku, na sogeza maua yaliyobanana kwenye kona.

Kata kipande cha nyasi kama keki utazame pembeni. Kati ya majani ya kijani na udongo kuna tabaka la vikonyo vikavu. Likizidi sentimita moja na nusu linashika maji kama sponji na ukungu unalala humo. Likwangue kwa reki ya chuma, Juni au Oktoba, si wakati nyasi zinaumwa. Mahali palipokanyagwa na yale magari ya Krismasi, piga matundu kwa uma wa bustani, sentimita kumi kwenda chini, kila baada ya kiganja kimoja.

Ukifika kwenye dawa

Yote hayo umefanya, siku kumi zimepita, na ukingo wa baka bado unasogea. Choma vijiti vya mishikaki ukingoni ili ujue kama unasogea kweli au ni macho yako tu. Ukingo ukivuka vijiti, sasa twende kwenye duka la pembejeo.

Usiombe "dawa ya fangasi". Utapewa iliyo karibu na mkono. Uliza kiambato, kimeandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina kubwa. Mankozebu inakaa juu ya jani kama koti la mvua: inazuia, haiponyi, mvua inaiosha, unarudia baada ya siku saba hadi kumi na nne. Azoksistrobini inaingia ndani ya jani, inafanya kazi vizuri kwenye mabaka ya kahawia na madoa ya kijivu, lakini kwa madoa ya sarafu usiitegemee. Propikonazo inashika madoa ya sarafu na kutu, ila kwenye joto linalopita nyuzi 30 inaweza kudumaza ukoka, kwa hiyo si ya mchana wa Februari. Metalaksili ni ya ile ya mafuta, Pythium, peke yake, kwa mabaka ya kahawia haina msaada. Mara nyingi madukani utaikuta imechanganywa na mankozebu kwenye pakiti moja.

Kopa, ile dawa ya shaba tuliyozoea kwenye kahawa, niliwahi kuijaribu kwa kiburi cha mtu wa mlimani. Iliunguza ncha za majani, na ugonjwa ukaendelea. Kopa pia haiozi, inabaki kwenye udongo miaka na miaka.

Usitumie kiambato kile kile mara tatu mfululizo. Ukungu unajifunza, na ule wa madoa ya kijivu ni mwanafunzi hodari, huko Marekani umeshazoea dawa za kundi la azoksistrobini. Badilisha kundi.

Kipimo ni kile cha lebo, si cha muuzaji wala changu. Lebo nyingi zitataja nyanya, viazi na kahawa, bustani ya nyasi haimo. Hapo muulize afisa ugani wa kata, au Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, ambayo makao yake makuu yako Ngaramtoni, Arusha. Ndiyo inayosajili viuatilifu nchini. Kifungashio kisicho na namba ya usajili kirudishe, hata kikiwa nusu bei.

Kujua bomba lako linafunika wapi, jaza maji matupu kwanza, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima eneo ulilolowesha. Mimi lita nane zinamaliza mita mraba 100, bomba la lita 16 mita 200. Pulizia asubuhi umande ukishakauka, pasipo upepo, pamoja na kiganja kimoja au viwili nje ya ukingo wa baka. Buti, glovu, barakoa, mikono mirefu. Enzi za kahawa tulipuliza vifua wazi, na macho yaliwasha hadi kesho yake. Watoto, mbwa na kuku wakae mbali hadi majani yakauke kabisa, na zaidi kama lebo inasema. Bomba usilioshe kwenye mfereji, kuna mtu anachota maji chini yako. Kopo likiisha lisuuze mara tatu, maji ya kusuuzia rudisha ndani ya bomba uyapulizie pale pale, kisha ulitoboe. Nimekuta kopo la dawa limegeuzwa kata ya mbege. Sikunywa.

Mwisho wa habari ya dawa, na wengi hawaifikirii: majani yako yanaenda wapi? Shanty Town nzima kuna akina mama wanaopita na magunia kuchukua majani ya ng'ombe wa zizini. Kuna mama wa Njoro anayechukua ya kwangu kila Jumatatu. Nikipulizia, namwambia, "Mama, ya leo hapana, na wiki ijayo hapana," hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye lebo kwa malisho. Kama lebo haisemi lolote kuhusu malisho, majani yote ya msimu ule yanaenda shimoni. Maziwa ya yule ng'ombe yananywewa na wajukuu. Sababu hiyo peke yake inanifanya nijaribu kila kitu kabla ya bomba.

Kuziba mabaka

Ukingo ukishatulia wiki mbili, kwangua majani yaliyokufa, legeza udongo kwa uma, ongeza mboji iliyochekechwa upana wa vidole viwili. Usinunue zulia jipya la nyasi kama baka halizidi mita moja. Chukua vikonyo vyenye mizizi kutoka upande wenye afya, kila kimoja na vifundo viwili au vitatu, vipandwe kwa umbali wa kiganja, fundo moja liwe chini ya udongo. Masika ya Aprili ni wakati wake, lakini pakiwa na maji hata Juni vinashika. Siku kumi za kwanza udongo usikauke juu, na huu ndio wakati pekee ninaoruhusu kunyunyiza kila siku. Alfajiri. Usikate hadi vifike sentimita nane au tisa.

Kwa yule muuguzi mabaka yote yaliziba kufikia Agosti, isipokuwa lile la chini ya mwembe, ambako jua linafika kwa nusu saa tu. Tulipanda mara tatu, likaugua mara tatu. Mwaka uliofuata tukang'oa ukoka wote pale, tukamwaga kokoto, tukaweka benchi.